Maji ya Ba

Wodini wananijua kwa kituko kimoja. Nitadunga sindano, nitafunga kidonda kinachonuka, nitambadilishia shuka mzee aliyejiharibia bila kukunja pua. Lakini mgonjwa akifika pale pa mwisho, pale ambapo hawezi tena kumeza na tunachoweza kumfanyia ni kumlowesha midomo kwa pamba, mimi hutoka. Namwita mwenzangu. Eti nimesahau faili, eti nina simu ya kupokea. Wamenicheka mpaka wakazoea. "Sista amekimbia maji," wanasema, nami nacheka nao, maana afadhali wacheke kuliko waniulize.

Mwaka huu nimelazimika kusema, na nimesema, na ile amani niliyodhani ingekuja haijaja. Basi wacha niandike.

Ninyi wa rika langu mliokulia upande huu mnayakumbuka maduka ya Wahindi ya Kisii mjini, yale tuliyopelekwa kununuliwa sare. Mnakumbuka harufu ya kitambaa kipya na ubani ukishuka kutoka ghorofani. Katika duka moja kulikuwa na mama mzee aliyekaa juu ya stuli ndefu, utepe wa kupimia shingoni, sari nyeupe kwa kuwa alikuwa mjane. Alizungumza Ekegusii, lugha yetu Wakisii, kuliko Kiswahili, Ekegusii cha sokoni, cha haraka, na akiona mzazi anachagua sweta inayomtosha mtoto sawasawa alimkemea: "Huyu anakua! Chukua kubwa!" Ndiyo maana wengi wetu tulifika darasa la nane tukiwa na mikono ya sweta iliyokunjwa. Mwanawe na mkwewe walimwita Ba, yaani mama, na mji mzima ukamwita hivyo hivyo.

Mama yangu alimfanyia kazi Ba. Alifua, akapiga deki, akakata mboga, na zaidi ya yote alimpigisha gumzo, kwa sababu mume wa Ba alikuwa amekufa na mwanawe wa pekee, Kirit, alikuwa Uingereza. Tulipanga chumba mjini, Mama na mimi, na Ijumaa kabla jua halijatua tulikuwa tumeshafika nyumbani Tabaka kwa ajili ya Sabato, ambako baba yangu alichonga vinyago vya mawe na Magokoro, yaani nyanya yangu, alivisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji. Shule ikifungwa nilishinda kwa Ba siku nzima. Mama alinipa onyo moja tu, tena kwa kunivuta sikio: "Chochote cha miungu yao, usiguse."

Na chote hicho kilikuwa jikoni, kwenye kabati dogo lisilo na milango. Picha zenye shada za maua, taa ya samli, na katikati lota, chombo kidogo cha shaba chenye shingo nyembamba. Kifuniko chake kilizungushiwa nta nyekundu. Ndani yake kulikuwa na maji ya Ganga.

Habari za Ganga nilizipata kidogo kidogo, Ba akichambua dengu nami nikimsaidia kutoa mawe. Aliniambia ni mto uliokuwa mbinguni, na ulipoombwa ushuke duniani uliogopwa kwamba ungeivunja ardhi kwa nguvu zake, mpaka mungu mmoja akajitolea kuupokea kichwani, katika nywele zake, ndipo ukatiririka taratibu. Aliniambia ni mama. Watu husafiri siku nyingi wakaingie ndani yake, wakitoka hawana dhambi. Waliokufa huchomwa na majivu yao hupelekwa huko. Hapo nilisimamisha kazi. Kwetu mtu huzikwa kando ya nyumba yake, unapita karibu naye ukienda kukata ndizi, unajua yuko wapi.

"Sasa wewe Ba, utalala wapi?"

"Silali mimi. Naenda."

Lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuuona. Alizaliwa Kisumu, akaolewa Kisii, hakuvuka bahari hata siku moja. Kila asubuhi kabla ya kuoga aliinamia ndoo ya maji ya bomba akataja majina ya mito saba ya kwao, mmoja mmoja, akiiita iingie ndani ya ndoo. Nilimsikia kupitia mlango wa bafu. Lota aliletewa na mumewe, aliyekwenda huko kumwaga majivu ya mama yake, naye akaijaza maji kwa mkono wake.

"Hii ndiyo Ganga yangu mimi," aliniambia. "Siku nikiwa naondoka watanitia matone mdomoni. Halafu basi, kufa kumeisha."

"Kumeisha kabisa?"

"Kabisa. Sifi tena."

Mtu mzima angeelewa. Ba alikuwa anasema habari ya kuzaliwa na kufa na kuzaliwa tena, na jinsi ya kutoka humo. Lakini mimi nilikuwa na miaka tisa, na shule ya Sabato tulikuwa tumefundishwa habari za mtu aliyejichovya mtoni mara saba akapona ukoma. Mito saba, mara saba. Nilielewa nilichoweza kuelewa: huyu mama ana dawa ya kifo, na ameiweka kabatini pamoja na chumvi.

Kisha Magokoro akaugua. Hospitali walikaa naye, halafu wakatuambia tumpeleke nyumbani akale anachotaka, na jamani, hata mtoto anajua maneno hayo maana yake nini. Magokoro ndiye aliyenilea kabla Mama hajapata chumba mjini. Mikono yake ilikuwa myeupe kwa vumbi la mawe mpaka kwenye viwiko, na akikushika shavu alikuachia alama. Sikuwa tayari. Sitaki kupamba maneno, sikuwa tayari tu.

Ijumaa moja Mama alipokuwa anaanua nguo na Ba yuko chini dukani, nilipanda juu ya kiti nikaitoa lota kwenye kabati. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Mahali pake nikavuta mbele picha kubwa yenye shada, lota nikaifunga ndani ya sweta, nikaitia mkobani. Njia nzima nilisikia maji yakigonga shaba, tena nikashangaa kwamba Mama hasikii.

Kesho yake wote walikwenda kanisani nami nikaachwa nimwangalie mgonjwa. Niliibandua nta kwa kucha. Niliyatia maji kwenye kifuniko, nikamwinua Magokoro kichwa, nikamnywesha. Moja. Mbili. Alikuwa anameza kwa shida lakini alimeza. Mara saba. Kisha nikaona si vizuri kuacha dawa nusu, nikaendelea mpaka lota ikawa tupu.

"Maji ya wapi haya?" aliuliza.

"Ya mjini."

"Yana ladha ya sufuria mpya," akasema, akafunga macho.

Jumapili aliomba uji. Haki ya Mungu, aliomba uji, akatolewa nje akaketi juani, akamtania baba yangu kwamba vifaru anavyochonga vina sura ya mbwa. Watu walifurahi wakasema Bwana ni mwema. Mimi nilijua kilichofanyika, na nilitembea uani nimevimba kichwa. Nilishuka kijito cha chini ya machimbo nikaijaza lota. Maji pale hayakuwa safi, yalikuwa na unga mweupe wa mawe, lakini nilijiambia unga utatulia chini na hakuna atakayeona. Nta niliilainisha kwa joto la viganja nikaizungushia upya. Jumatatu asubuhi lota ilikuwa kabatini pake na picha imerudi nyuma.

Jumatano ujumbe ukaja kwamba Magokoro amefariki.

Sasa ninavyoijua kazi yangu najua ile Jumapili ilikuwa nini. Wagonjwa wengi hupata siku moja kama hiyo, nami nimewaonya ndugu zao mara nyingi wasijenge matumaini juu yake. Wakati ule niliamini nimekosea hesabu. Niliamini kama ningeishia saba angepona, na kwamba nilimuua kwa kuzidisha.

Ba alikuja mazishini. Alifunga duka akaja mpaka Tabaka na sari yake nyeupe, akaleta kitambaa cha kumvalisha marehemu, akaketi chini kati ya wanawake miguu imekunjwa. Nilijificha nyuma ya Mama. Akamuuliza Mama swali ambalo kwetu halikuwa na uzito wowote: "Alipata maji kabla ya kwenda?"

"Alipata," Mama akasema. "Huyu ndiye aliyekuwa akimpa. Jumamosi alimnywesha vizuri sana, na sisi tukiwa kanisani. Mama mkwe mwenyewe alituambia."

Ba alinivuta kwake akaniwekea mkono kichwani. "Umefanya vyema, mtoto wangu. Anayeondoka hapaswi kuondoka na kiu." Nikalia mpaka wakaniondoa, na wote walidhani ni uchungu wa msiba.

Hapo ndipo nilipoelewa maji yale ni ya nini. Hayakuwa ya kuzuia mtu. Yalikuwa ya kumsindikiza. Nilikuwa nimempa nyanya yangu, Msabato asiyekosa ibada, kitu ambacho Ba alikuwa amekihifadhi miaka yote, na nilikuwa nimemwachia Ba maji ya machimbo.

Nilikuwa na nafasi ya kusema siku hiyo. Nilikuwa na nafasi kila siku kwa miaka miwili iliyofuata. Kila nilipoingia jikoni kwa Ba niliitazama lota na yeye akaniona nikiitazama, akatabasamu, akadhani naipenda. Alikuwa akiipangusa kwa limau na chumvi hadi ing'ae. Mara moja aliitikisa sikioni mwangu nisikie maji. "Bado yupo," alisema. Nikatamani ardhi inimeze.

Ba alipoanza kuondoka, Kirit alikuja kutoka Uingereza na mkewe. Ilikuwa likizo ya shule nami nilikuwa pale. Walimlaza sebuleni chini, kwenye godoro jembamba, kama desturi yao, na Mama yangu alikaa miguuni akimsugua nyayo. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ilikuwa asubuhi, jua zuri, kelele za mjini zinaingia dirishani.

Ba aliweza bado kusema. Alinyoosha kidole kuelekea jikoni. Kirit akaileta lota, na mkewe akaitazama ile nta akasema kwa upole kwamba maji haya yamekaa mno, na nta imefubaa, na Kisumu hekaluni wanayo mengine yaliyofungwa vizuri. Dereva akiondoka sasa, mchana atakuwa amerudi.

"Hapana," Kirit akasema. "Mama anataka yake. Baba aliyateka mwenyewe."

Ba akatikisa kichwa kukubali. "Yangu," alisema.

Kisumu ilikuwa safari ya saa mbili. Nilijua, tulikuwa tumekwenda huko na Ba kununua vitambaa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, si mtoto mchanga. Neno moja tu lingetosha. Nilimwona Mama ameinamia nyayo zile, kitambaa chake cha kichwa kimelegea, nikawaza: nikisema, leo hii anafukuzwa, na watasema mama wa Kisii alimfundisha mtoto wake kuiba. Nikafunga mdomo. Nikaufunga asubuhi, nikaufunga mchana, nao wakimsomea vitabu vyao, na Ba akisubiri kwa utulivu. Alikuwa hana wasiwasi hata kidogo, alijua lota ipo.

Mvua ya alasiri ilipoanza, Kirit aliifungua. Aliweka jani moja la mrehani wao ulimini mwa mama yake, akachukua kijiko kidogo akamtilia maji. Kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nilijaribu kuyakumbuka yale majina saba ya asubuhi, nikidhani labda nikiyaita moyoni Ganga ingeingia mle ndani hata sasa. Nilikumbuka mawili tu.

Ulimi wa Ba ulisogea. Uso wake ukabadilika kidogo, wa mtu aliyetarajia sukari akakuta chumvi, kisha akafungua macho akatazama mlangoni. Sitasema alinitazama mimi. Watu wanaoondoka hutazama mlango, nimewaona wengi tangu siku ile. Lakini nami nilikuwa mlangoni.

Alipokwisha kukata roho, midomo yake ilikuwa na alama nyeupe. Unga wa machimbo. Kirit aliupangusa kwa kidole, akautazama, akaanza kulia. "Oneni," akasema, "udongo wa milimani kwetu, Ganga inakotoka." Akaupaka kwenye paji la uso wake, akampaka mkewe, akampaka Mama yangu, kisha akainuka akaja akanipaka mimi. Baridi ya kidole kile ninayo hapa mpaka leo.

Mama sasa ni mzee na anaishi nami Nyansiongo. Mwaka huu, mchana mmoja, gari lilisimama langoni akashuka mzee wa Kihindi anayetembea polepole. Kirit. Amekuja kuuza jengo la duka, akasema hawezi kurudi bila kumsalimu Mama. Wakashikana mikono muda mrefu, wakacheka, wakamtaja Ba. Nikaleta chai. Akatuambia kwamba moyo wake umechoka na madaktari wa huko wameacha kumficha. Halafu akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti akaitoa lota akaiweka mezani, karibu na sahani ya mahindi.

"Siku hizi nasafiri nayo," alisema. "Mama alikunywa vijiko vitatu tu. Yaliyobaki ni yangu."

Basi, ningefanya nini? Mara ya pili? Nilikaa chini, nikasema yote. Nilianza na Magokoro nikamaliza na unga mweupe. Mama alishika kifua. "Ulimnywesha mama mkwe wangu maji ya miungu?" akauliza kwa sauti ndogo. "Msabato yule?"

Kirit hakukasirika. Hilo ndilo lililonichanganya. Aliuliza nilikuwa na miaka mingapi. Nikamwambia tisa. Akatikisa kichwa, karibu atabasamu. "Mtoto wa miaka tisa anataka nyanya yake apone," alisema. "Hata Mama mwenyewe angekupa kama ungeomba."

Nikapumua. Haki ya Mungu nilipumua, nikaona kumbe ni hivyo tu, miaka yote hii nilikuwa nimebeba kitu chepesi. Kisha nikamwona anafikiri. Aliishika lota akaizungusha mkononi.

"Majivu yake nilipeleka mtoni mimi mwenyewe," alisema. "Lakini majivu hayanywi." Akaitua lota mezani. "Siku ile, mke wangu alisema dereva aende Kisumu. Wewe ulikuwa mlangoni. Ulisikia?"

Ningeweza kusema sikusikia. Angeniamini, na angekwenda zake na moyo wake mgonjwa ukiwa umetulia.

"Nilisikia."

"Kuanzia asubuhi mpaka mvua."

"Ndiyo."

Aliirudisha lota mfukoni, nadhani kwa sababu mdomo wa mama yake uliyaonja maji yale, hata kama ni ya machimbo. Aliinuka, akamwinamia Mama akamgusa miguu kama wanavyowafanyia wazazi wao, akanipita. Chai yake ilikuwa imejaa. Nilimsindikiza mpaka langoni nikiwa nyuma yake, na hakugeuka.

Niliporudi, Mama alikuwa anakusanya vikombe. Nikamwambia aache, nitavitoa mimi. Hakuacha.

"Niliogopa watakufukuza," nikamwambia.

"Wangenifukuza," Mama akasema. "Ningechuma majani chai ya watu." Akamwaga chai ya Kirit nje ya mlango, akasimama pale na kikombe. "Mama yule alinikalisha mezani kwake, tukala pamoja miaka minane. Wewe ulikuwa unanitunza mimi, au ulikuwa unajitunza mwenyewe?"